Shamba darasa kando ya Ziwa Victoria: mwongozo kamili, kuanzia kikao cha kwanza hadi mizani ya mavuno

Semina ya mbolea yenye daftari, kalamu na soda, Kanda ya Ziwa tunaijua vizuri. Watu wanasikiliza, wanasaini karatasi ya mahudhurio, wanarudi nyumbani na kulima vilevile walivyolima mwaka jana. Wala si uvivu. Mwenye ekari moja ya luseni, ule mchanga mwepesi wa Usukumani, hawezi kuubahatisha msimu mzima kwa sababu mgeni fulani kasema. Anataka aone kwa macho yake, kwenye udongo kama wake, tuta lenye mboji na tuta lisilo na mboji yamekaa jirani, na yeye mwenyewe awe ameshika jembe.

Hilo ndilo shamba darasa. Mbinu hii ilianzia Indonesia mwaka 1989, kwa msaada wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye mashamba ya mpunga. Wakulima kule walikuwa wakipiga dawa, dawa inawaua wadudu wanaokula wadudu waharibifu, kisha waharibifu wanarudi wengi kuliko mwanzo. Badala ya kuwahubiria, wawezeshaji waliwapeleka shambani kila wiki wakahesabu wenyewe: huyu ni adui, huyu ni rafiki. Kutoka hapo mbinu ikasambaa Asia na Afrika.

Kwetu, kazi ya pamoja haihitaji kuletwa na mtu. Bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, chimbuko lake ni vikundi vya kulimiana. Na anayedhani kilimo cha kutunza udongo ni habari ya wafadhili aende Ukara, kisiwa kidogo wilayani Ukerewe. Wakara walibanana kwenye ardhi finyu tangu zamani, wakazoea kufungia ng'ombe ndani na kuwalisha majani, kukusanya samadi na kuirudisha shambani, na kupanda mimea ya jamii ya marejea katikati ya uwele ili irutubishe ardhi. Maofisa wa kikoloni waliandika habari zao kwa mshangao katika miaka ya 1930. Kikundi chako kikiweza kufika Ukara kwa ziara, nendeni mapema, kabla ya kuanza chochote.

Kwanza watu, na siku ya kukutana

Watu 20 hadi 25 wanatosha. Wakizidi 30, nusu watakuwa watazamaji, na mtazamaji hajifunzi. Wanawake wasipungue nusu, maana bustani na kuni viko mikononi mwao. Ikiwezekana, chukueni watu wawili kutoka kaya moja, mke na mume au mama na kijana wake, kwa sababu mtu mmoja akirudi nyumbani na wazo jipya peke yake, mara nyingi wazo hilo linafia mlangoni.

Siku ya kukutana ndiyo inayoua vikundi vingi vya ufukweni. Wataalamu wanaitaka Jumanne saa tatu kwa sababu inawafaa wao. Ulizeni kwanza siku ya gulio, siku za ibada, halafu ulizeni mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu taa haivuti dagaa, kwa hiyo wanapumzika. Kazi nzito zinazohitaji wanaume wengi, kama kuvuta magugu maji au kuchimba makinga maji, zipangeni kwenye siku hizo za mbalamwezi. Wiki za giza zibaki na kazi nyepesi za kupalilia na kuangalia. Wanawake wanaoanika dagaa nao huwa na asubuhi zisizo na nafasi wakati mzigo umeingia mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, basi siku hizo kutaneni saa kumi jioni.

Kuhusu posho, ninao msimamo: msitoe. Kikundi kilichoanza kwa posho hufa siku posho inapokatika. Toeni chakula, kipikwe palepale na kila mtu alete kitu chake, huyu unga, huyu dagaa, huyu michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Chakula hicho nacho ni somo, nitaeleza mbele.

Eneo

Robo ekari inatosha. Isiwe shamba la mwenyekiti wala la mtu mkubwa wa kijiji, kwa sababu mavuno yakija maneno yatakuja nayo. Pawe pembeni ya njia ya watu wengi, mpita njia asimame aulize. Udongo uwe wa kawaida, uleule uliochoka ambao wengi wanao. Mkichagua kipande cha rutuba kuliko vyote kijijini, hakuna atakayewaamini.

Kaeni mbali na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Zipimeni mita hizo kwa kamba siku ya kwanza, kikundi kizima kikiwepo. Ni zoezi zuri, wengi watashangaa mashamba yao wenyewe yanaangukia wapi. Kisha makubaliano ya kutumia ardhi yaandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji, yaseme ni misimu mingapi na mavuno ni ya nani. Hili likiachwa mdomoni, mwenye ardhi atakumbuka lake na ninyi mtakumbuka lenu.

Swali moja kwa msimu

Hapa ndipo ninapogombana na wawezeshaji wenzangu. Wanataka msimu mmoja ufundishe mboji, nyuki, majiko, sungura na kuweka akiba. Matokeo yake watu wanaonja kila kitu na hawajui hata kimoja. Chagueni swali moja ambalo kikundi chenyewe kinalo, lenye jibu linaloweza kupimwa. Mfano: kwenye luseni yetu, mboji ya magugu maji inaongeza mahindi kiasi gani ukilinganisha na samadi peke yake, na ukilinganisha na kutoweka kitu?

Swali hilo linahitaji vipande vitatu vya mita 5 kwa 5: cha kwanza hakina kitu, cha pili samadi, cha tatu mboji. Acheni njia ya mita moja kati yake. Kisha vipande vitatu vingine vilevile upande wa pili wa shamba, kwa sababu ardhi haifanani. Huenda kona moja ilikuwa zizi miaka ishirini iliyopita na mzee mmoja tu anakumbuka. Kipande gani kipate nini, pigeni kura kwa vikaratasi ndani ya kofia. Mkiacha mtu achague, atapeleka mboji mahali pazuri bila hata kukusudia. Mbegu iwe moja, ipandwe siku moja, nafasi moja ya sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, palizi siku moja. Kitu kimoja tu ndicho kitofautiane.

Pandeni na kipande kidogo cha mchicha pembeni, hicho ni kwa ajili ya moyo. Mahindi yanachukua miezi, mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu hadi nne. Watu wanahitaji kuona kitu kabla hawajachoka.

Kalenda: vuli huku huanza Oktoba, masika Machi. Ukihesabu kurudi nyuma, kikundi kiundwe Juni, mboji ianze Julai, iwe tayari mvua za kwanza zikidondoka.

Mboji ya magugu maji, hatua kwa hatua

Magugu maji asili yake ni Amerika Kusini. Yalionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, yakaziba mialo na njia za mitumbwi, hata ikabidi wadudu wanaoyala waletwe katika miaka ya 1990. Hayajaisha. Kwa mkulima ni malighafi ya bure, lakini yana masharti.

Sharti la kwanza ni afya. Ufukwe wetu una kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama ndani ya maji, hasa jua likishapanda. Kwa hiyo vuneni asubuhi na mapema, na hata hivyo mvae gambuti na glovu ndefu. Vuteni kwa reki ya mpini mrefu mkiwa nchi kavu au ndani ya mtumbwi. Watoto wasishiriki kabisa. Waulizeni wavuvi wa pale kuhusu mamba, viboko na nyoka wanaolala juu ya mikeka ya magugu, wao wanajua kila kichochoro. Wakati huohuo toeni taarifa kwa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi, ya mwalo husika, msionekane mnavuruga mazalia ya samaki.

Sharti la pili ni mahali. Msivune karibu na mitaro ya mjini, wala pale Mto Mirongo unapoingia ziwani baada ya kupita katikati ya jiji la Mwanza. Mmea huu hunyonya madini mazito kwenye maji machafu na kuyahifadhi, na ninyi mnakwenda kulima chakula. Vuneni kwenye mialo ya mbali na viwanda na mitaro.

Yakishatoka majini, yanyausheni siku nne au tano. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kwa nini mbebe maji kilimani? Yatandazeni juu ya mawe, na mawe Mwanza hayakosekani, lakini juu ya ukingo, mvua isiyarudishe ziwani. Kata mizizi, hiyo ndiyo inayobeba matope mengi. Kisha katakata kwa panga vipande vya urefu wa kidole.

Rundo sasa. Chagueni kivuli, mwembe unafaa. Pimeni mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, lainisheni ardhi kwa jembe, kisha tandazeni mabua makavu ya mahindi au mtama unene wa kiganja ili hewa ipite chini. Mabua ya pamba msiyatumie. Kanuni za zao hilo zinataka yang'olewe na kuteketezwa msimu ukiisha ili wadudu wasivuke mwaka, na kuyaficha kwenye mboji ni kumhifadhi adui wenu. Juu ya mabua wekeni magugu yaliyonyauka unene wa shubiri moja. Kisha nyasi kavu au majani makavu, unene huohuo. Kisha samadi, nusu ya shubiri. Nyunyizeni konzi kadhaa za udongo wa juu na majivu kidogo sana. Mwagieni maji. Rudieni mpango huo hadi rundo lifike kifuani. Likiwa chini ya mita moja halitapata joto, na joto ndilo linaloua mbegu za magugu, ambazo zinaweza kukaa udongoni miaka mingi zikisubiri.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi, kwa hiyo kila mwanakikundi apime kwa mkono wake. Chukua konzi kutoka katikati ya rundo, kamua kwa nguvu. Likidondosha tone moja au mawili, ni sawa. Likichuruzika, limezidi, ongeza vitu vikavu. Likimomonyoka bila kuacha unyevu kiganjani, ongeza maji. Msiseme "lita ngapi", kwa sababu jibu linabadilika na nyasi mlizopata.

Chomekeni mti mrefu mkavu hadi katikati, kisha funikeni kwa majani ya migomba. Siku ya tatu au ya nne mtu mmoja auchomoe mbele ya wote na kuushika. Ukiwa wa moto kiasi cha kutaka kuuachia, rundo linafanya kazi, ndani ni nyuzi joto 55 hadi 65. Ukiwa baridi na mkavu, maji hayakutosha. Ukiwa baridi na unanuka yai viza, maji yamezidi na hewa hakuna. Zungusheni mti huo kwa kila mtu, aguse, anuse. Nimewaona wazee waliokaa kimya vikao vyote wakianza kuongea siku ya kushika mti.

Pindueni baada ya wiki mbili hivi, vya nje viingie ndani. Pindueni tena baada ya wiki tatu. Kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili, mboji inanuka kama ardhi baada ya mvua na huwezi tena kutambua gugu wala bua. Kabla ya kuipeleka shambani ijaribuni: jazeni kopo moja mboji iliyochanganywa na udongo nusu kwa nusu, kopo jingine udongo mtupu, pandeni mchicha kwenye yote mawili. Miche ikiwa ya manjano au ikikataa kuota kwenye kopo la mboji, haijaiva, isubiri.

Kwenye mahindi, wekeni viganja viwili vilivyojaa kila shimo na mchanganye na udongo kabla ya kuweka mbegu. Kwenye tuta la mboga, ndoo ya lita 20 inatosha mita mbili hadi tatu za mraba. Kile kipande cha samadi nacho kipate viganja viwili vilevile.

Siku ya shambani inavyokwenda

Kikao kichukue muda wa saa mbili na nusu hadi tatu, si zaidi. Gawanyeni kikundi katika makundi sita, moja kwa kila kipande. Kila kundi linaingia kwenye kipande chake, linachagua mimea kumi bila kupendelea, linapima urefu, linahesabu majani na wadudu, linaangalia unyevu wa udongo. Kisha wanakaa kivulini na kuchora kwenye karatasi ya bango kitita: mmea katikati, waharibifu upande mmoja, marafiki upande mwingine, jua au wingu juu. Kuchora kunamfungulia mlango asiyejua kusoma. Kila wiki achore mtu mwingine, na anayewasilisha aongee lugha anayoiweza, Kisukuma, Kikerewe au Kijita, kisha mwenzake atafsiri.

Kazi ya mwezeshaji ni kuzuia ulimi wake. Mama mmoja atakuja na jani la hindi lililotoboka:

"Mwalimu, huyu mdudu gani?"

"Mama, umemkuta wapi? Kwenye jani au ndani ya moyo wa mmea? Alikuwa anafanya nini?"

Akishasema alimkuta ndani ya moyo wa mmea amejificha kwenye kinyesi chake kama unga wa mbao, tayari wenzake watakuwa wamemtambua: viwavijeshi vamizi, waliotuingilia nchini mwaka 2017. Mwekeni kiwavi kwenye chupa ya plastiki yenye matundu pamoja na jani bichi, na kwenye chupa ya pili mwekeni kiwavi mwingine pamoja na mdudu mliyemkuta kwenye mmea uleule. Kesho yake tazameni nani kamla nani. Baada ya hapo, mtu atafikiri mara mbili kabla ya kupiga dawa shamba zima.

Mwishoni mwa kila siku kikundi kiamue jambo moja la kufanya, liandikwe, na wiki ijayo muanze nalo.

Chakula, na mashamba ya mlimani

Kwa kuwa mnapika kila mnapokutana, chakula kiwe somo dogo la pembeni, bila kuchukua nafasi ya swali la msimu: jiko la mafiga matatu na jiko banifu la udongo yawekwe pamoja jikoni kwa kikundi. Jiko banifu mlijenge wenyewe kwa udongo wa kichuguu, mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, likauke wiki mbili hadi tatu kivulini. Sufuria ikae na mwanya wa upana wa kidole pembeni. Siku ya kupika, pimeni kuni kilo tano kila upande, pikeni ugali wa unga uleule, kisha mpime kuni zilizobaki. Mizani mnaazima kwa wachuuzi wa samaki mwaloni. Wapishi wabadilishane majiko wiki inayofuata, asije mtu akasema tofauti ni ya mpishi.

Kama shamba liko kwenye mteremko, na vilima vya Mwanza ni vingi, makinga maji yapimwe kwa fremu yenye umbo la herufi A: miti miwili ya mita mbili iliyofungwa juu, ubao wa kati, na kamba yenye jiwe inayoning'inia. Isimamisheni, wekeni alama kamba inapogusa ubao, geuzeni miguu ibadilishane nafasi zilezile, wekeni alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo usawa. Kuanzia hapo mtoto wa darasa la tano anaweza kuitembeza shamba zima akichomeka vijiti.

Mavuno na nyumbani

Siku ya kuvuna iteni kijiji, afisa ugani na vikundi vya jirani. Kama mnaweza kumpata mtaalamu kutoka TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Misungwi, afadhali, lakini asitoe hotuba kabla ya mizani. Kila kipande kivunwe na kupukuchuliwa peke yake, punje zikaushwe sawasawa, zipimwe hadharani, na mtoto wa shule aandike ubaoni kwa chaki. Kipande cha mita 5 kwa 5 kina mita 25 za mraba, kwa hiyo kila kilo moja ni sawa na kilo 160 hivi kwa ekari. Acheni watu wapige hesabu hiyo wenyewe kwa mashamba yao. Samadi ikiishinda mboji, semeni hivyo hivyo, ndilo jibu la udongo wenu.

Msimu unaofuata shamba la pamoja lipunguzwe. Kila mwanakikundi achague kona ya shamba lake, hatua kumi kwa kumi, ajaribu kilichoshinda, na kikundi kizunguke kaya tatu kila wiki. Anayetembelewa aonyeshe na alichoharibu. Reki, toroli, gambuti na mizani vikae kwa mweka hazina, viandikwe kwenye daftari vinapotoka na vinaporudi, na anayepoteza alipe.